UZI: Ndege wa njano wa kwenye mwembe, ni wa Ulaya au ni wa kwetu? Njooni tupeane darasa la kubwiro na ndege wanaohama

#1 Mkwezi wa Muheza

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Nafungua huu uzi maana kijiweni kwetu watu wameshatoleana maneno kwa ajili ya ndege. Yule wa njano, mwenye mabawa meusi na mdomo kama umepakwa rangi nyekundu iliyopauka, anajificha juu kabisa kwenye majani ya mwembe au mkuyu, unamsikia mluzi tu, ukimtafuta humuoni. Vitabuni anaitwa kubwiro. Jamaa mmoja anasema ni ndege wa Ulaya wanakuja kukimbia baridi, mwingine anasema acha uongo huyo tumezaliwa tumemkuta.

Wote wawili wako sahihi na ndo maana ubishi hauishi. Wako watatu. Yaani unaweza kukaa chini ya mwembe ule ule ukaona kubwiro wa aina tatu kwa nyakati tofauti za mwaka halafu ukadhani ni mmoja.

Wa kwanza ni mwenye kichwa cheusi, kichwa chote hadi kooni. Huyu ni mwenyeji, yupo mwaka mzima, ndiye mnayemsikia kila asubuhi.

Wa pili ni yule anayezaliana Ulaya na Asia. Mwangalie usoni: mstari mweusi unatoka kwenye mdomo unaishia kwenye jicho, hauendelei. Mabawa ni meusi kweli kweli, ana kidoa tu cha njano. Huyu huku kwetu ni mpita njia, anashuka kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, anapanda tena mwezi wa tatu na wa nne.

Wa tatu ni wa Afrika, na huyu ndiye anayevuruga watu. Mstari wake mweusi unapita jicho unaenda nyuma, na mabawa yake yana njano nyingi, kila unyoya mweusi umezungushiwa njano. Huyu naye anahama ila hatoki nje ya bara. Anazaliana kwenye misitu ya miombo huko kusini, Zambia, Malawi, Zimbabwe, Msumbiji na kusini mwa Tanzania, halafu kuanzia mwezi wa nne anakuja kukaa huku pwani mpaka wa nane hivi.

Majike wa hao wawili wa mwisho msijisumbue sana, wote kijani kijani na michirizi tumboni, hata wataalamu wanakuna kichwa.

Hoja yangu ni moja na niko tayari kubishana: hata huyo wa pili kumwita "ndege wa Ulaya" ni kumuonea. Nitaeleza nikitoka shamba.

#2 Kiroboto Mstaafu

Uzi bila picha ni barua. Weka picha mkuu.

#3 Dada wa Kilifi

Aki mkuu umenisaidia. Hapa kwetu Kilifi nilikuwa najiuliza kila mwaka, hawa wa manjano wanajaa mwezi wa nne, tano, sita, mvua kubwa zinanyesha wao wapo tu, na kila mzungu anayekuja na darubini anasema "migratory, migratory". Nikawa najiambia kama wamekimbia baridi ya Ulaya mbona mwezi wa sita wako hapa na huko Ulaya ni joto? Kumbe hao ni wa kusini. Wanakimbia nini sasa, mwezi wa sita Zambia kuna baridi kweli?

#4 Mkwezi wa Muheza

Dada wa Kilifi umeuliza swali zuri kuliko wote kijiweni. Mwezi wa sita na wa saba miombo huko inakuwa kavu na usiku baridi, ukiwa nje bila koti utajua, lakini si baridi inayomwondoa ndege, ni chakula. Miombo ikikauka majani yanapukutika, viwavi wanaisha, matunda hamna. Wakati huo huo kwenu pwani ndo mmetoka kupata mvua za masika, kila kitu kijani, wadudu tele. Anakuja kula. Kisha mwezi wa nane tisa hivi miombo inaanza kuchipua majani mapya mekundu hata kabla mvua hazijafika, viwavi wanarudi, naye anarudi kutaga. Ratiba ya ndege ni ratiba ya tumbo, hali ya hewa inamfikia kupitia tumboni.

Na wa Ulaya ni vile vile. Ndege akiwa na manyoya ya kutosha na chakula anavumilia baridi, mbona kunguru na shomoro wa huko hawaondoki? Kubwiro anaishi kwa viwavi na wadudu wa kwenye majani, na matunda laini. Huko mwezi wa kumi majani yameanguka, utakula nini?

#5 Zumaridi_255

Mwezi wa nne basi Kilifi wanakutana wote watatu? Wa Ulaya anapanda, wa kusini anaingia, mwenyeji yupo.

#6 Mkwezi wa Muheza

Zumaridi hapo ndo penyewe. Mwezi wa nne pwani kuanzia huku Tanga hadi Malindi ni kama stendi. Ndo mwezi mzuri wa kwenda na darubini ila pia ndo mwezi wa kukosea, lazima uangalie ule mstari wa jicho.

#7 Mtoto wa Chifu

Mkuu samahani, sipingi, ila nyie mmejuaje kwamba anatoka Ulaya? Mlimuuliza? Ndege akipotea mwezi wa tano inawezekana kaingia msituni tu. Hizi habari za wazungu tunazimeza bila kutafuna.

#8 Mwalimu Mstaafu wa Bayo

Mtoto wa Chifu, swali lako wazungu wenyewe walijiuliza karne nyingi na majibu yao ya zamani yalikuwa ya ajabu kuliko ya bibi zetu. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Kigiriki, aliandika kwamba kuna ndege wanageuka kuwa ndege wengine majira yakibadilika. Karne nyingi baadaye bado walikuwepo wasomi walioamini mbayuwayu wanajizika kwenye tope chini ya maziwa wakati wa baridi.

Jibu lilikuja na korongo. Mwaka 1822 huko Ujerumani, karibu na kijiji cha Klütz, walimpiga risasi korongo mweupe wakakuta ana mkuki umemtoboa shingo, mkuki mrefu wa kama sentimita 80, na ule mti na chuma chake ni kazi ya Afrika. Yaani alichomwa huku akaruka nao hadi Ujerumani. Mpaka leo yupo pale Chuo Kikuu cha Rostock, amekaushwa na mkuki wake shingoni. Kwa hiyo ushahidi wa kwanza unaoshikika mkononi aliupeleka mwindaji wa Kiafrika aliyekosa kitoweo.

Baadaye, 1899, mwalimu mmoja wa Denmark anaitwa Mortensen akaanza kuvisha kwenzi pete za alumini miguuni zenye namba na anwani. Anayemuokota anaandika barua. Siku hizi kuna vifaa vya setilaiti, na kwa ndege wadogo wanabebeshwa kidude cha gramu moja hivi au chini yake kinachorekodi mwanga wa jua tu, ukijua jua lilichomoza saa ngapi na kuzama saa ngapi unapiga hesabu alikuwa wapi. Tatizo lake ni kwamba lazima umkamate tena mwaka unaofuata usome kilichomo.

#9 Mtoto wa Chifu

Dah huyo korongo wa mkuki nimemkubali. Mwalimu shikamoo. Nimekaa kwenye uzi sasa.

#10 Kiroboto Mstaafu

Mwindaji wa watu alale njaa halafu nyama iko makumbusho Ujerumani. Hii nayo tuidai irudi kama yale mafuvu na yule dinosaria wa Tendaguru, Lindi, waliobebwa na Wajerumani.

#11 Mpwani DMV

Salaam kutoka Maryland. Nimecheka maana nilipofika huku nikaambiwa ndege wa jimbo letu ni "oriole", jina la kubwiro kwa Kiingereza, timu ya besiboli ya Baltimore imejiita jina lake, wachezaji wamevaa machungwa na meusi. Nikajua ni yule yule wa nyumbani. Kumbe hawana undugu. Wahamiaji wa Ulaya walipofika Marekani wakaona ndege wa manjano na mweusi wakampachika jina la yule waliyemwacha kwao. Huyu wa huku ni familia nyingine, mdogo pia, uzito wake ni kama nusu ya kubwiro wa Ulaya. Jina la Baltimore ni kwa sababu ya rangi za nembo ya Lord Baltimore aliyemiliki koloni hili.

Ila tabia! Anakuja mwezi wa nne mwishoni au wa tano, watu huku wanamkatia chungwa nusu wanalipigilia msumari kwenye mti, na wanaweka jemu ya zabibu kwenye kisahani, eti ndege anakula jemu jamani na kuna binadamu wanalala njaa. Anasuka kiota kama soksi inaning'inia kwenye tawi. Halafu mwezi wa saba wa nane, joto bado limepamba moto, watu bado wako ufukweni, yeye anaanza kuondoka kwenda Mexico, Amerika ya Kati mpaka Colombia na Venezuela. Hasubiri baridi hata kidogo. Kwa hiyo namuunga mkono Mkwezi, si baridi. Watoto wakishakomaa anafanya nini hapa?

#12 Mkwezi wa Muheza

Mpwani DMV umenirudisha kwenye hoja yangu, ahsante. Sasa nieleze.

Kubwiro huyu tunayemwita wa Ulaya anafika Poland au Ujerumani mwezi wa tano, mapema sana ni mwishoni mwa wa nne. Ni kati ya wanaochelewa kufika. Akifika dume anaimba, jike anasuka kiota kama machela kwenye njia panda ya tawi, anataga mayai matatu hadi matano, wakishaangua watoto wakaruka, mwezi wa nane hao wanaondoka. Hesabu mwenyewe: wa tano, sita, saba, nane. Miezi minne ukimpendelea. Iliyobaki yuko Afrika au yuko njiani, na huku Afrika ndiko anakobadilisha manyoya yake. Manyoya anayoringia Ulaya yameota huku kwa viwavi vya huku.

Safari yenyewe, toka Poland mpaka Zambia ni zaidi ya kilomita 7,000, ndege wa gramu 70 hivi, anaruka usiku, anavuka Mediterania na Sahara. Njiani kule Ugiriki, Italia anashindilia tini mpaka ananenepa, mafuta hayo ndo petroli ya jangwani.

Sasa mtu wa kukaa kwako miezi minne, kwingine minane, utasema kwao wapi?

#13 Zumaridi_255

Kwao ni alikozaliwa. Mimi nimezaliwa Songea nimekaa Dar nusu ya umri wangu, ukiniuliza kwetu nasema Songea.

#14 Kiroboto Mstaafu

Apewe uraia pacha yaishe. Kenya wanaruhusu, Tanzania atapewa hadhi maalum.

#15 Dada wa Kilifi

😂😂😂 Kiroboto utafungiwa.

Lakini Zumaridi nikuulize, wewe Songea unaenda krismasi tu, si ndiyo? Na huko unakula, unaoa, unazika. Huyu ndege Ulaya anaenda kuzaa tu, ni kama anaenda leba. Hakuna mtu anasema kwao ni hospitali.

#16 Mwalimu Mstaafu wa Bayo

Dada wa Kilifi umemaliza kesi kihuni lakini kuna sayansi nyuma yake. Kubwiro wote, ukiondoa hao wa Marekani wa jina tu, wanaishi zaidi nchi za joto: Afrika, Asia ya Kusini na Kusini Mashariki, hadi Australia. Ni wachache wanaokwenda kaskazini kuzaliana. Ndege wengi wahamaji wako hivyo, ndugu zao wote wako kwenye tropiki, wao wakafuata mchana mrefu wa kaskazini. Mwezi wa sita Poland jua linakaa zaidi ya saa kumi na sita, mzazi ana muda mrefu wa kuwinda viwavi na kulisha watoto, na washindani ni wachache kuliko huku kwetu ambako kila tawi lina mwenyewe.

Na niongeze kitu ambacho nakipenda kuliko vyote. Kuna kandege ka kahawia, huwezi hata kukageukia, huko Ulaya kanaishi kwenye vichaka vya majani marefu sehemu zenye unyevu. Dume lake linaimba kwa kuiga sauti za ndege wengine. Mtafiti mmoja miaka ya 1970 alikaa kuwasikiliza Ubelgiji, akachambua nyimbo zao, akakuta zaidi ya nusu ya ndege wanaoigwa ni ndege wa Afrika ya Mashariki na maeneo ya jirani. Kijana anajifunza kuimba akiwa huku kwetu, halafu anaenda kutongoza Ubelgiji kwa nyimbo za huku. Mbelgiji anamsikiliza dirishani hajui kwamba anasikia sauti za Tsavo.

#17 Askari wa Zamani wa Voi

Mwalimu umetaja Tsavo umenitoa mafichoni. Hao kandege nimewashika kwa mkono wangu. Pale Ngulia, Tsavo Magharibi, kuna loji iko juu ya ukingo wa mlima, mbele ni tambarare. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ukungu unafunika usiku, na loji ina taa kubwa za kuwamulikia wageni wanyama wanaokuja kunywa maji. Ndege wanaosafiri usiku wakiingia kwenye ukungu wanapoteza nyota, wanaona ile taa, wanakuja. Wanashuka kama mvua. Kama mwezi mbalamwezi haupo ndo wanazidi.

Watu walianza kuwavisha pete pale 1969 na kazi imeendelea kwa miongo mingi, ndege waliovishwa ni mamia ya maelfu. Nyavu zinafungwa usiku na alfajiri, mnapanga foleni na vifuko vya kitambaa, kila kifuko na ndege wake, anapimwa bawa, anapimwa uzito, unapuliza manyoya ya tumboni unaona mafuta ya njano chini ya ngozi, unaandika, unamwachia. Pete za pale zimeokotwa hadi Urusi na Uarabuni. Kubwiro kwa kweli si wa pale, wengi ni hao wadogo wa kahawia na waimbaji wengine wadogo wa vichakani.

Wageni wengine walikuwa wanalalamika hawaoni tembo kwa sababu ya ukungu na mlango wa pili watu wanashangilia ukungu. Tulikuwa tunacheka sana.

#18 Mtoto wa Chifu

Swali kwa wataalamu. Mtoto wa ndege ambaye hajawahi kusafiri anajuaje njia? Anafuata wazazi?

#19 Mwalimu Mstaafu wa Bayo

Wengine wanafuata. Korongo, bata bukini, hao wanasafiri kwa makundi na watoto wanafuata wazee. Lakini kwa wengi wanaosafiri usiku kijana anaondoka mwenyewe. Kekeo ndiye mfano mkali: anatagwa kwenye kiota cha ndege mwingine, hamjui mama wala baba, wazazi wake wameshaondoka zamani kuelekea Afrika, na yeye wiki kadhaa baadaye anaamka anakwenda.

Kuna jaribio maarufu la Mholanzi anaitwa Perdeck, alilichapisha 1958. Alikamata kwenzi zaidi ya 11,000 Uholanzi wakiwa safarini kuelekea Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa, akawapakia kwenye ndege (ya chuma) akawaachia Uswisi. Wazee waliokwishasafiri zamani walijirekebisha wakageuza kuelekea kule kule wanakokujua. Vijana wakaendelea na uelekeo ule ule waliokuwa nao, wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania. Kwa hiyo kijana amezaliwa na uelekeo na muda, "ruka upande huu kwa muda huu", ramani kamili anaipata akishafanya safari mwenyewe.

Uelekeo wanauona kwa jua, kwa nyota na kwa usumaku wa dunia. Huko Marekani Stephen Emlen aliwafungia ndege ndani ya ukumbi wenye anga la bandia, akaona hawaangalii nyota moja moja, wanaangalia ile sehemu ya anga isiyozunguka. Akachukua vifaranga akawalea chini ya anga aliyoifanya izunguke nyota ya Betelgeuse badala ya ile ya kaskazini. Wakakua wakaamini kaskazini ni Betelgeuse.

#20 Zumaridi_255

Maskini. Hao ndo vijana wa siku hizi na simu.

#21 Bwana Shamba Kilosa

Nyie mnasifia ndege mimi napiga debe kuwafukuza. Kweleakwelea wakishuka kwenye mpunga heka nzima inaisha mnaangalia. Hao nao wanahama, mbona hamuwaandikii mashairi? Na huyo kubwiro wenu namkuta anatoboa mapapai yangu.

#22 Mkwezi wa Muheza

Pole Bwana Shamba, kweleakwelea ni janga hakuna anayebisha, na ni kweli wanahama, wanafuata mvua na mbegu za nyasi ndani ya Afrika hii hii, mbegu zikiota ardhini wanakosa chakula wanaondoka kwa maelfu hadi mamilioni, serikali inapeleka ndege kunyunyizia sumu. Tatizo la ile sumu ni kwamba mwewe na tai wanaokula mizoga nao wanaondoka nayo.

Kubwiro ni kesi nyingine. Haendi kwa makundi ya kutisha, yuko mmoja mmoja au wawili, kwenye makundi ya safari labda wachache. Papai lililokwisha kuiva atalidonoa, sikatai. Lakini kazi yake kubwa ni viwavi, hadi wale wenye manyoya wanaowasha ambao ndege wengi hawawagusi, anawapigiza na kuwasugua kwenye tawi kwanza. Papai moja muachie mkuu.

#23 Bwana Shamba Kilosa

Papai moja sawa. La pili nachukua manati.

#24 Mswahili wa Maskati

Assalaam aleikum wadau. Nimesoma uzi wote. Hapa Oman kubwiro tunampata kwenye bustani na mitende akipita, siku chache tu anatoweka. Lakini ndege wetu mnaotuibia ni yule mweupe na mweusi wa ufukweni mwenye mdomo mnene anayevunja kaa. Anazaliana visiwani na fukwe za huku Ghuba na Bahari ya Arabia, anachimba shimo kwenye mchanga anataga humo, ndege wa pwani gani anachimba shimo? Ukifika Barr Al Hikman, hapa pwani ya Oman, utawaona maelfu. Wengine wanashuka na pwani ya Afrika, Mida kule Watamu, Rufiji, Zanzibar. Njia ile ile ya majahazi ya kusi na kaskazi, ila wao hawalipi ushuru.

#25 Dada wa Kilifi

Wa Mida nawajua! Maji yakitoka wanapanga mstari kwenye matope. Wengine wanalala huku hata mwezi wa saba, nadhani ni vijana ambao hawajafikisha umri wa kuoa.

#26 Mswahili wa Maskati

Ndiyo hao hao dada, mabarobaro.

Na kuna kozi mdogo, gramu 150 hivi, anatoka Siberia na kaskazini mwa China, anapita India, halafu anavuka Bahari ya Hindi moja kwa moja mpaka Afrika Mashariki, na anaendelea hadi Afrika Kusini. Mwaka 2012 ilibainika kwamba huko Nagaland, India, wanakijiji walikuwa wanawategea nyavu na kuwaua kwa maelfu kwa maelfu, ikasambaa dunia nzima, wazee wa vijiji wakakaa wakakubaliana, na mwaka uliofuata hawakutegwa. Wakifika Tsavo mwezi wa kumi na moja wanakutana na kumbikumbi wa mvua za vuli.

#27 Mtoto wa Chifu

Na kubwiro nani anamla njiani? Maana rangi ile mtu hakosi tamaa.

#28 Mkwezi wa Muheza

Wengi wanaishia Mediterania. Misri pwani nzima kuna nyavu zimesimamishwa kusubiri ndege waliochoka kuvuka bahari, na kubwiro wanapigwa sana kwa sababu wanapenda mashamba ya tini na wanakuja wanene. Saiprasi wanatumia ulimbo, kama ule wa utomvu tuliokuwa tunapaka kwenye vijiti tukiwa watoto, ila wao ni biashara, sahani ya ndege wadogo mgahawani ni pesa nyingi. Shirika la kutetea ndege la BirdLife lilikadiria 2015 kwamba ndege kama milioni 25 wanauawa kinyume cha sheria kila mwaka eneo lile la Mediterania, wa kila aina.

Kwa hiyo ukiona mmoja Muheza mwezi wa kumi na moja ujue kapita nyavu za Misri na jangwa zima. Mimi hapo ndo nakereka mtu akimpiga manati ili amuone rangi kwa karibu. Bwana Shamba sijakutaja.

#29 Bwana Shamba Kilosa

Umenitaja.

#30 Zumaridi_255

Tuseme nataka kumuona mwaka huu, nifanyeje? Niko Dar, Kimara.

#31 Mkwezi wa Muheza

Kimara utamuona. Kwanza jifunze mluzi wa mwenye kichwa cheusi maana ndiye mwenyeji na ndiye atakayekudanganya, ni mluzi wa maji maji, mfupi, unashuka mwishoni. Kuna programu ya bure ya simu inaitwa Merlin inasikiliza na kukuambia jina, mara nyingine inakosea lakini ni mwanzo mzuri. Kisha tafuta mkuyu wenye matunda, asubuhi jua likichomoza, kaa chini tulia. Usitembee. Wa Ulaya wakiwa huku mara nyingi wako kimya, utasikia sauti ya kukwaruza kama paka amekanyagwa, ndo yeye. Mwezi wa kumi na moja, au subiri wa nne. Ukipata tazama ule mstari wa jicho kabla hujaangalia kitu kingine, maana akiruka ndo basi.

Wa Nairobi wana bahati, Nature Kenya wana matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wanaanzia pale makumbusho ya taifa, ukienda hata hujui kitu watu wanakuelekeza.

Na aliye Amani, Usambara, au Shimba Hills: kuna wa nne huko, kichwa cha kijani badala ya cheusi, wa misitu tu, hahami kwenda popote. Sikumtaja mwanzo maana mwembeni hamtamkuta.

#32 Mpwani DMV

Mkwezi na Mwalimu, mnamjua yule kekeo wa Mongolia? Walimpa jina Onon, wakamfunga kifaa cha setilaiti mwezi wa sita 2019. Akatoka Mongolia akashuka Asia, akavuka, akapita Kenya, akakaa Zambia, 2020 akarudi tena kwa kuvuka Bahari ya Hindi mpaka kule kule alikokamatwa. Zaidi ya kilomita 26,000 kwenda na kurudi. Watu tulikuwa tumefungiwa ndani na korona tunamfuatilia kwenye ramani kila siku. Mimi tiketi ya kurudi Tanga ilikuwa imeshafutwa, naangalia ndege anapita juu ya kwetu.

#33 Mwalimu Mstaafu wa Bayo

Tulimfuatilia pia. Safari ya bahari ya kurudi aliianzia huku Pembe ya Afrika, upepo ukamsukuma. Kaskazi na kusi si kwa majahazi tu.

#34 Kijana wa Magomeni

Nimechelewa uzi, samahanini. Hawa kunguru wa Dar wenye shingo ya kijivu nao walihama kutoka India? Lini wanarudi?

#35 Mkwezi wa Muheza

Hao hawakuhama, waliletwa. Walifikishwa Zanzibar miaka ya 1890, inasemekana ili wale takataka za mji, wakavuka bara, wakala takataka, mayai na vifaranga vya ndege wengine vyote. Hawarudi popote. Fungua uzi wao Kijana, huu wa kwao utajaa matusi.

#36 Kiroboto Mstaafu

Kurasa zimeisha na picha hatujaona.